Kondoo Kumi na Wanne wa Mapuseletso

Mwaka aliofiwa na mumewe, Mapuseletso Mothibeli alifyeka mabua ya mahindi yake hadi chini, akabakiza visiki vya urefu wa kidole. Alianza siku ya pili tu baada ya kuvuna, na alifanya haraka, kwa sababu pale kijijini Ha Letuka shamba ni lako mpaka chifu atangaze kwamba mavuno yamekwisha. Kuanzia hapo ng'ombe wa huyu na kondoo wa yule wanaingia popote penye mabua, na mwenye shamba akilalamika anaitwa mchoyo. Mapuseletso alikuwa na ekari tatu na siku tisa.

Wifi yake, Mantsoaki, alikuja akasimama ukingoni mwa shamba, mikono ndani ya blanketi.

"Wifi, unafyeka au unanyoa?"

"Nafyeka."

"Maana naona hata panya hukumwachia pa kujificha. Watu watapitisha mifugo yao hapa wale nini, udongo?"

"Wana mashamba yao."

"Haya. Mimi sisemi kitu. Watu ndio wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema msomi anapigia hesabu mpaka kivuli cha mabua."

Mapuseletso aliendelea kufyeka. Alikuwa amefundisha hesabu darasa la sita kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuacha kazi, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akijibizana na mtu njiani. Watu wa nyumba ya Mothibeli hawajibizani mashambani.

Mumewe, Seabata, alizikwa mwishoni mwa Februari. Mantsoaki, akiwa dada wa marehemu, ndiye aliyemvalisha nguo nyeusi, na ndiye angemvua mwezi wa kumi. Katikati ya siku hizo mbili alikuwa mlinzi wake. Mfiwa arudi nyumbani kabla jua halijazama. Akae nyuma ya wenzake kwenye mikutano. Asipaze sauti. Zaidi ya yote, asitie mguu zizini, kwa sababu mjane ana giza, na akipita katikati ya mifugo, mimba zao huharibika. Mapuseletso hakuliamini giza hilo. Macho ya watu aliyaamini kabisa, na tangu mazishi hakuwa amelikaribia lango la zizi hata kwa hatua kumi.

Mle zizini mlikuwa na kondoo thelathini na mmoja wa Seabata. Siku ya kuvua nguo nyeusi ukoo ungekaa, ungewahesabu, na kuamua kama wabaki katika nyumba ya mjane au wahamie zizi la Tlali, kaka yake Seabata. Sufu ya kondoo wale ndiyo iliyomlipia ada binti yake, Puseletso, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Wakihamia kwa Tlali, Mapuseletso angekuwa mtu wa kuomba. Angeomba ada, angeomba sabuni, angeomba nauli ya kwenda kumwona mtoto wake mwenyewe. Alikuwa amewaona wajane wa namna hiyo, wanawake waliosoma, wamekaa kwenye mkeka wa shemeji wakisubiri amalize kunywa ndipo waseme shida zao. Yeye hangekaa kwenye mkeka huo. Kwa hiyo ilimpasa afike Oktoba akiwa na kondoo walio hai.

Mvua ya Januari haikunyesha mwaka ule. Mabua yalikuwa membamba, maharage yalikauka kabla ya kufunga vizuri. Alipomaliza kupanga kila kitu juu ya kichanja nyuma ya jiko, mabua, majani ya maharage na mtama uliokosa punje, alihesabu matita mia nne na thelathini. Tita moja linalisha kondoo wanne kwa siku, waishi tu, wasinenepe. Kutoka katikati ya Juni, nyasi za mlimani zinapokwisha, mpaka katikati ya Oktoba, majani yanapochipua tena, ni siku mia na ishirini. Alipiga hesabu mara tatu katika daftari. Akiwalisha wote thelathini na mmoja, kichanja kingekuwa kitupu wiki ya pili ya Agosti, katika baridi kali, majike wakiwa na mimba kubwa, na baada ya hapo wangekufa wote. Akilisha kumi na wanne, wangefika.

Alikwenda kwa Tlali na daftari lake. Alimkuta akiota jua mbele ya nyumba, kopo la pombe ya mtama kati ya magoti. Mapuseletso akakaa chini, miguu ameikunja upande mmoja, kama inavyompasa mfiwa.

"Shemeji, nimekuja kwa habari ya kondoo."

"Wamefanyaje?"

"Bado hawajafanya kitu. Watakufa."

"Nani kakuambia?"

"Hesabu."

Tlali alicheka kwa pua. "Seabata alikuwa anasema, nimeoa mwalimu, nikikohoa mara mbili anaandika."

Mapuseletso akamweleza taratibu, kidole kikipita juu ya tarakimu. Kumi na saba wapunguzwe sasa, wakiwa bado na nyama. Wauzwe, au wachinjwe, au wagawiwe ndugu.

"Unataka niuze mali ya mdogo wangu hata kaburi halijatulia?"

"Nataka ibaki."

"Hakuna kinachotoka zizini kwa marehemu mpaka nguo ivuliwe. Si kwa kamba, si kwa kisu. Unajua hilo. Watu watasema Tlali ameanza kula."

"Basi tungoje wafe."

"Kondoo akifa mwenyewe ni kazi ya Mungu," Tlali alisema, akanywa. "Nyama inaliwa, na hakuna anayeulizwa."

"Na wako, shemeji? Una ishirini na sita, na mabua yako ni machache kuliko yangu."

"Wangu nitawapa wote sawasawa. Mimi sibagui. Zizi la Mothibeli halijawahi kuhesabiwa chini ya ishirini tangu baba yetu."

Aliaga kwa heshima, akarudi nyumbani. Njia nzima alikuwa akilirudia kichwani lile neno la Tlali kuhusu kondoo anayekufa mwenyewe. Kufika nyumbani alikuwa ameshaamua.

Mchungaji wake alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, Tsukulu, aliyeshuka kutoka milima ya juu Januari ile akitafuta kazi. Hakuwa na ndugu pale. Walipatana kondoo sita kwa mwaka, alipwe mwaka ukitimia. Alikuja na kondoo jike mmoja wake mwenyewe, ujira wa miaka mitatu kwa bwana aliyetangulia, ambaye alimpunja. Alimwita Kobo, yaani blanketi, kwa ajili ya wingi wa sufu yake.

Asubuhi iliyofuata Mapuseletso alisimama nje ya ukuta wa mawe wa zizi, unaomfika kifuani, akamwita kwa neno la heshima, Ntate, yaani baba.

"Ntate Tsukulu, ligawe zizi kwa miti, huku na kule. Halafu uwalete mmoja mmoja hapa ukutani, uwafungue midomo niwaone meno."

Tsukulu alifanya hivyo. Alimshika wa kwanza, akambana kati ya magoti, akamfunua mdomo. Mapuseletso aliinama juu ya ukuta, akatazama meno, akamwambia abonyeze kiuno, kisha kiwele.

"Huku," alisema.

Wa pili alikuwa amepoteza meno mawili.

"Kule."

Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Aliyekuwa na meno kamili na kiuno kipana, huku. Mzee, au mgonjwa wa kwato, au aliyezaa mara moja tu katika miaka mitatu, kule. Walipofika kwa jike mmoja mwenye uso mweusi, Tsukulu alisita. Huyo alikuwa akila mahindi kiganjani mwa Seabata kila jioni, na siku ya mazishi alisimama langoni akilia mpaka watu wakaonyeshana kwa vidole.

"Huyu ni wa Ntate mwenyewe."

"Meno yamekwisha. Kule."

Zilipotimia hesabu, majike kumi na watatu na dume mmoja walikuwa huku, na kumi na saba kule. Kondoo mmoja alikuwa bado amesimama kando, karibu na lango.

"Na yule?"

"Yule ni wangu, Mama."

"Najua ni wako. Mlete."

Alimleta. Hakumbana kwa magoti kama wengine. Alimshika kidevu, na Kobo akafunua mdomo mwenyewe. Pengo mbele, na mengine yamelegea.

"Ana mimba, Mama."

"Mimba itammaliza upesi zaidi. Kule."

"Huyu hayumo kwenye hesabu. Si wa Ntate. Ni wangu."

"Chakula ndicho changu."

"Nikate kwenye ujira. Sita wawe watano. Wawe wanne."

"Ujira wa Januari haushibishi kondoo mwezi wa saba. Matita ni mia nne na thelathini, hayaongezeki. Ukitaka wako aingie huku, mmoja atoke. Haya, mchague wewe."

Tsukulu aliwatazama wale kumi na wanne. Alikuwa amewatibu kwato baadhi yao. Alimjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Mwishowe akamwachia Kobo, akamsukuma taratibu upande wa pili.

"Hawa wa kule watakula nini?" aliuliza.

"Watatoka na wewe malishoni kama siku zote. Watakachopata mlimani ni chao."

"Mlimani hamna kitu, Mama."

"Watakachopata. Na jambo hili tusilitoe nje. Si kwa Ntate Tlali, si kwa mtu yeyote."

"Watu wataona."

"Wataona kondoo wanakufa. Mwaka huu kila mtu kondoo wake wanakufa."

Tangu siku ile, kila asubuhi, Mapuseletso alipitisha matita juu ya ukuta, matatu na nusu, na Tsukulu akayapokea na kuyamwaga upande wa huku. Wale wa kule waliijua saa ile upesi. Kabla hajatoka jikoni walikuwa wameshajipanga kwenye miti ya kati, wamepenyeza pua, wakisikiliza wenzao wakitafuna. Mwanzoni walilia. Baada ya wiki tatu walikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa mbaya zaidi. Walianza kulana sufu. Kondoo akisimama mbele ya mwenzake, mgongo wake unanyonyolewa mpaka ngozi inabaki wazi kwenye baridi. Walitafuna magome ya miti ile ya kati mpaka ikawa myeupe. Majani yoyote yaliyopeperuka kutoka huku, waliyafia.

Mapuseletso hakugeuza uso. Alijilazimisha kusimama pale mpaka tita la mwisho liishe, kwa sababu aliona ni aibu mtu kutoa amri asiyoweza kuitazama. Jioni aliandika daftarini mstari mmoja kwa kila aliyekufa, bila neno.

Wa kwanza alikufa mwisho wa Juni. Mwezi wa saba theluji ilianguka siku mbili, na wanne wakakutwa wamegandiana ukutani. Yule mwenye uso mweusi alikuwa mmoja wao. Kila alipokufa mmoja Tlali alikuja na kisu, na watoto wake na karai.

"Kazi ya Mungu," alisema, akipima paja kwa mkono. "Mifupa mitupu. Ila supu itatoka."

Mantsoaki naye alikuja, akachungulia zizini, akamchungulia wifi yake.

"Wifi, hilo giza lako halijaruka ukuta kweli?"

"Unanilinda wewe. Ungeliona."

"Nakuuliza tu. Maana hawa wanene na wale mbavu zimebaki vitana."

"Wenye meno wanakula. Wasio na meno hawali."

"Hata mimi meno sina," Mantsoaki alisema, "lakini mbona nala." Akaondoka akicheka peke yake.

Chakula cha Tsukulu kilikuwa ugali na mboga, asubuhi na jioni. Katikati ya Julai Mapuseletso aligundua kwamba mchungaji wake anakonda ilhali sahani inarudi tupu. Akamvizia kutoka dirishani. Alimwona akikata bonge la ugali katikati, nusu akala, nusu akaitia ndani ya blanketi, kisha akaenda upande wa kule na kusimama akiwapa mgongo wengine. Kobo alikuwa akila kwapani mwake.

Jioni, alipompa sahani, Mapuseletso alisema, "Kama nusu inakutosha, Ntate Tsukulu, nitapika nusu."

Tsukulu aliipokea sahani. Kesho yake ugali ulikuwa nusu. Aliukata katikati vilevile.

Kwa hiyo Kobo aliishi kuliko wenzake wengi. Alikufa mwezi wa nane tarehe kumi na tisa, akizaa. Mwanakondoo alitoka miguu kwanza, akiwa ameshakufa. Tlali alipokuja na kisu chake, Tsukulu alisimama mbele ya mzoga, fimbo mkononi, akamwambia huyu si wa Seabata. Alimchuna mwenyewe. Ngozi aliianika juu ya ukuta, mahali ambapo Mapuseletso alizoea kusimama.

"Wamefika kumi na sita, Mama," alisema.

"Huyo mhesabu wewe. Wangu ni kumi na watano. Bado wawili."

Wale wawili walikufa mwezi wa tisa.

Kwa Tlali mambo yalikwenda kama alivyosema. Aliwapa wote sawasawa. Mabua yakaisha mwanzoni mwa Agosti, na ndani ya wiki tatu akachuna ngozi ishirini na mbili. Kondoo wanne waliobaki waliokolewa na mvua, iliyonyesha siku ya pili ya Oktoba.

Siku ya kuvua nguo ilikuwa Jumamosi ya katikati ya mwezi. Mantsoaki alimwamsha mjane alfajiri, akamwogesha kwa maji yenye utomvu wa shubiri, akamnyoa, akachoma nguo nyeusi nyuma ya nyumba, akamvalisha gauni jipya la buluu la kitambaa cha shweshwe. Majirani walijaa nje ya ua, wakisubiri nyama na pombe. Ndani ya ua walikaa watu wa ukoo, na mbele yao mzee Phakiso, baba mdogo wa marehemu, mtu mzito wa mwili aliyechukia kikao kirefu.

Tlali alisimama kwanza.

"Mdogo wangu aliacha kondoo thelathini na mmoja. Leo asubuhi nimehesabu kumi na wanne, na wanakondoo tisa. Kumi na saba wamepotea katika mikono ya mwanamke mmoja, ndani ya miezi minne. Naomba zizi liwe moja, chini yangu."

"Na wewe umebakiwa na wangapi?" Phakiso aliuliza.

"Wanne."

Mtu alikohoa. Mwingine akatazama viatu vyake.

"Mimi nilipigwa na ukame," Tlali alisema. "Yeye alipigwa na giza lake. Aliingia mle."

Mapuseletso aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Sikuingia. Wifi yupo, aulizwe."

Mantsoaki alikunja mdomo. Hakupenda kumsaidia, lakini ulinzi ulikuwa wake, na kusema mjane aliingia ni kusema yeye alilala.

"Hakuingia. Nilimlinda kama mwizi. Alisimama nje ya ukuta kila siku ya Mungu."

"Basi niseme jingine," Tlali alisema, na sauti yake ikashuka. "Mwezi wa sita shemeji alikuja kwangu na daftari. Akaniambia, kondoo kumi na saba wapunguzwe. Si kumi na sita, si kumi na nane. Nikakataa. Leo wamekufa wangapi? Nauliza tu. Mauti gani hayo yanayojua hesabu kama mwalimu?"

Mapuseletso alihisi kichwa chake kilichonyolewa kinapigwa na upepo. Kila mtu alimtazama, na aliona kwamba akikana hawatamwamini, na akikubali ameua kondoo wa mumewe ndani ya msiba wake. Katika hali zote mbili kondoo wangetoka langoni kwake kabla ya jua kuzama.

"Shemeji amesema kweli," alisema. "Nilikwenda. Nilimwonyesha siku ambayo chakula kitakwisha, chake na changu. Akaniambia watu watasema. Kama kikao kinataka tuzungumze leo nani alijua na nani alikataa kusikia, mimi niko tayari. Hata wale walio nje ya ua wanasikia vizuri tu."

Phakiso alitazama nje. Vichwa vilikuwa vimepangana juu ya ukuta kama mitungi. Alimtazama Tlali, ambaye alikuwa ameacha kutabasamu. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya chini kidogo.

"Hapana. Sitaki isemwe vilabuni kwamba kaka aliacha mali ya mdogo wake iangamie, wala kwamba mjane wa Seabata alifanya hili au lile. Jina ni moja, na ni letu sote. Tuulizane jambo dogo. Mle zizini, kuanzia Juni, aliingia nani?"

Tlali ndiye aliyejibu, "Mchungaji."

Tsukulu aliitwa. Alisimama mbele ya kikao, kofia mkononi, blanketi limechakaa mabegani. Phakiso alimuuliza kondoo kumi na saba wamekwenda wapi.

"Walikufa njaa."

"Na wewe ulikuwa ukilisha?"

"Nililisha wale nilioambiwa niwalishe."

"Uliambiwa na nani?"

Tsukulu aligeuka. "Na Mama."

Phakiso akamgeukia mjane. Tlali pia alimtazama, na katika macho yake hapakuwa tena na ugomvi. Alikuwa akisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi walikuwa upande mmoja, yeye na shemeji yake, na wote wawili walilijua hilo.

"Nilimpa matita kila asubuhi, juu ya ukuta," Mapuseletso alisema. "Yaliyofanyika ndani ya ukuta sikuwa na ruhusa ya kuyafuata. Nilikuwa mfiwa."

Hakuna neno katika hayo lililokuwa uongo.

"Na huyu alikuwa na kondoo wake mle mle," Tlali alidakia. "Wachungaji tunawajua. Mabua ya bwana, tumbo la kondoo wa mchungaji."

"Wangu alikufa," Tsukulu alisema.

"Lini?"

"Mwezi wa nane."

"Wangapi walikuwa wametangulia?"

Tsukulu alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo kwenye hesabu. "Kumi na watano."

"Mmesikia. Kibogoyo, mwenye mimba, akaishi kuliko kumi na watano wa Seabata. Alikuwa anakula mawe?"

Watu walicheka kidogo. Phakiso hakucheka.

"Mama, wewe ulisimama pale ukutani kila siku. Uliwahi kumwona akimpa kondoo wake chakula kwa siri?"

"Nilimwona," Mapuseletso alisema. "Alikuwa akikitoa ndani ya blanketi."

Hakuna aliyeuliza chakula gani.

Tsukulu alifungua mdomo. "Mama," alisema, na akangoja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia sentensi. Mapuseletso alikuwa akitazama mikunjo ya gauni lake jipya. Wenye vichwa juu ya ukuta walikuwa wameshaanza kunong'ona, na neno lililopita kati yao lilikuwa mwizi.

Uamuzi haukuchukua muda. Nyumba ya Seabata haina doa. Mjane ameshika mila, ameokoa alichoweza kutoka mikononi mwa mtu mwovu, na kondoo wabaki kwake. Mchungaji aondoke leo. Ujira hana, kwa kuwa mwaka haujatimia, na ashukuru kwamba hapelekwi kwa chifu. Tlali aliunga mkono kwa sauti. Halafu akaenda kukata nyama.

Alasiri, watu wakiwa wamelewa, Tsukulu alikuja nyuma ya jiko kuchukua kopo lake na fimbo. Ngozi ya Kobo alikuwa ameshaikunja na kuifunga mgongoni. Mapuseletso alikuwa pale, akihesabu matita yaliyosalia. Yalikuwa kumi.

"Miezi tisa na nusu, Mama," alisema. "Nipe hata mmoja. Jike dogo tu."

"Kikao kimeshasema."

"Kikao kiko kule kwenye pombe. Hapa tuko wawili."

"Nikikupa mmoja, watasema nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba ulisema kweli."

Tsukulu aliyatafakari maneno hayo kwa muda, bila hasira, kama mtu aliyeelezwa njia na akaona kweli ni ndefu. Kisha akavaa kofia, akashika njia ya milimani. Hakuaga, na Mapuseletso alilitambua hilo, kwa sababu alikuwa mtu wa kuaga siku zote.

Wiki ile Mapuseletso alituma habari huku na kule kwamba anatafuta mchungaji. Kondoo sita kwa mwaka, kisha akasema saba. Katika milima kule habari hutembea kwa miguu lakini hufika, na hakuna mtu aliyeshuka. Siku ya nane, Mantsoaki alimkuta langoni mwa zizi, gauni amelifunga kiunoni, tita chini ya kwapa.

"Wifi, nani atachunga?"

"Mimi."

"Mwalimu mzima?"

"Ni kondoo wangu."

Alifungua lango akaingia. Miti ya kati ilikuwa bado imesimama, myeupe, bila gome. Kondoo walipomwona, wote kumi na wanne walirudi nyuma kwa pamoja mpaka ukuta wa mbali, wakabanana pale, wanakondoo chini ya matumbo yao. Mkono wake waliujua ukitoka juu ya ukuta tu. Mwili mzima hawakuujua, wala sauti karibu namna ile. Alimwaga majani, akasogea pembeni, akasimama wima kama mbele ya darasa.

"Wanakuogopa," Mantsoaki alisema kutoka nje.

"Wataona njaa," Mapuseletso alisema. "Watakuja."